Tamko la wakulima wa korosho kuhusu umri wa mashamba na uhai wa udongo





Sisi wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi tulioungana katika chama chetu tunatoa tamko hili kwa sababu kazi kubwa inaendelea mashambani mwetu. Mikorosho mikuukuu inang'olewa na miche mipya inapandwa kila mvua zinapoanza. Kazi hiyo tunaiunga mkono, na wengi wetu tumeishika kwa mikono yetu wenyewe. Hata hivyo, mazungumzo yote yamekuwa juu ya mche: aina gani, umetoka bustani ipi, utazaa baada ya miaka mingapi. Udongo unaoupokea mche huo haujaulizwa chochote.

Mti ukizeeka kila mtu anauona. Matawi yanakauka, maua yanapungua, korosho zinakuwa ndogo. Udongo ulioukalia mti huo kwa miaka 40 au 60 nao hubadilika, ila mabadiliko yake hayaonekani kwa macho, kwa kuwa yanatokea miongoni mwa viumbe wadogo mno: bakteria, kuvu na minyoo ya mizizi. Kwa hiyo tunatamka wazi: shamba kuukuu la mikorosho lisipandwe upya kabla udongo wake haujapimwa na kutibiwa inavyostahili.

1. Umri wa mashamba yetu

Mkorosho si mti wa asili hapa. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kusini mwa Tanzania ulipandwa kwa wingi katika miongo iliyotangulia Uhuru na iliyofuata mara tu baada yake. Wazee wetu walipanda karibu karibu, na miti yao mingi bado imesimama.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000. Ilipofika msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba mbali, bei haikuwalipa, na ugonjwa wa ubwiriunga uliingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaunguza maua. Zao liliinuka tena katika miaka ya 1990 kwa palizi, kupogoa na unga wa salfa. Hivyo yapo mashamba yaliyobeba historia tatu kwa pamoja: miti ya miaka 50 na zaidi, miaka ya kutelekezwa, na miongo mitatu ya salfa. Udongo umeitunza historia hiyo yote.

2. Kinachobadilika chini ya mti

Shamba la mikorosho michanga ni shamba la mimea mingi. Katika miaka ya mwanzo kila mmoja wetu hupanda katikati ya mistari mihogo, kunde, mbaazi, karanga au ufuta. Kila mzizi hutoa sukari na majimaji yake udongoni, na kila aina ya majimaji huita vijidudu vyake. Mizizi ya kunde na karanga huleta bakteria wanaojenga vifundo na kunasa naitrojeni ya hewani. Udongo wa namna hiyo ni kama gulio: wauzaji wengi, bidhaa nyingi, na hakuna anayelishika soko peke yake.

Miaka inavyokwenda matawi hukutana, kivuli hufunga, na mihogo haizai tena. Kuanzia hapo udongo unapata mzizi wa aina moja na jani la aina moja mwaka hadi mwaka. Jani la mkorosho ni gumu na lina tanini nyingi, hivyo huoza polepole, na kazi ya kulivunja huangukia zaidi kuvu kuliko bakteria. Jamii ya vijidudu inaanza kuegemea upande mmoja.

Hatusemi kwamba udongo wa shamba kuukuu umekufa. Mara nyingi una mboji na vijidudu vingi kuliko shamba la miaka mitano. Tatizo ni nani waliobaki. Wakiwa wengi ni wale wanaoishi kwa kuushambulia mzizi wa mkorosho, wingi wao haumsaidii mkulima. Mti mzima wenye mizizi mirefu unawavumilia. Mche wenye mizizi ya shubiri moja hauwezi.

3. Salfa: mkombozi aliyeacha deni

Salfa iliiokoa korosho ya Tanzania, na hakuna katika chama chetu anayetaka turudi kwenye mavuno ya 1986/87. Lakini lazima tuseme inachofanya ikishaanguka chini.

Ndani ya udongo wapo bakteria wanaoishi kwa kuila salfa, wakiwamo wale ambao wataalamu huwaita Thiobacillus. Wanapoila hutoa asidi ya salfa, asidi ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Kilo moja ya salfa ikigeuzwa yote hutoa takribani kilo tatu za asidi, na kuituliza asidi hiyo kunahitaji takribani kilo tatu za chokaa safi.

Tupige hesabu ya ekari moja. Kipimo tulichofundishwa kwa miaka mingi ni robo kilo ya salfa kwa mti kwa duru moja, hadi duru tano kwa msimu, yaani kilo moja na robo kwa mti. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari ina miti kama 28. Hizo ni kilo 35 za salfa kila msimu, na kilo 700 kwa misimu 20. Hata kama ni theluthi tu ya unga huo iliyofika ardhini, deni la ekari hiyo ni zaidi ya kilo 700 za chokaa. Wakulima wengi hawajalipa hata kilo moja, kwa kuwa hawakuambiwa kwamba wanadaiwa.

Watafiti waliochunguza mashamba ya kusini katika miaka ya 1990 walibaini kwamba upuliziaji wa salfa huongeza uchachu wa udongo. Udongo wa kichanga, kama wa sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani, hauna kinga: asidi hupita ikiondoka na kalisi na magnesi, na uchachu hushuka hadi chini ambako chokaa inayomwagwa juu huchelewa kufika. Ikumbukwe kwamba kipimo cha pH hakihesabiwi kama kilo au lita. Kutoka 6 kwenda 5, uchachu umeongezeka mara 10.

Kwa vijidudu, hilo ni badiliko la utawala. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza kuna ukanda wa shamba moja ambao pH yake hushuka hatua kwa hatua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wanasayansi waliopima hapo walikuta kwamba kutoka pH 8.3 hadi 4.5, ukuaji wa bakteria ulipungua mara tano na ukuaji wa kuvu uliongezeka mara tano. Bakteria wanaoibadilisha naitrojeni ya samadi kuwa chakula cha mmea ni miongoni mwa wanaoumia mapema. Fosforasi hufungwa, na aluminiamu huyeyuka ikaanza kuichoma mizizi michanga. Mkorosho unavumilia uchachu kuliko mahindi, na uvumilivu huo ndio uliotudanganya tukadhani hakuna kinachoendelea.

4. Somo kutoka kwa wakulima wa matufaha

Wakulima wa matufaha wa Ulaya na Marekani wanaujua vizuri mkosi wa kupanda upya. Wanang'oa miti mizee, wanapanda miche mizuri mahali pale pale, na miche inadumaa. Kwa muda mrefu walilaumu uhaba wa mbolea.

Huko Wenatchee, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mtafiti Mark Mazzola alichukua udongo wa shamba moja la matufaha lenye vitalu vya umri wa mwaka mmoja hadi mitano, pamoja na udongo wa eneo jirani lisilopandwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yanapaswa kumshtua kila mkulima wa miti. Kadiri kitalu kilivyokuwa na umri mkubwa, ndivyo kuvu na vimelea waharibifu wa mizizi, kama Rhizoctonia, Pythium na Phytophthora, walivyochukua sehemu kubwa zaidi kwenye mizizi ya miche. Bakteria waliokuwa wakiwazuia waharibifu hao walipungua kwa kasi. Yote hayo yalitokea ndani ya miaka mitano, si hamsini.

Kisha akafanya jaribio ambalo hata mkulima asiye na maabara analielewa. Aliupasha moto udongo ili kuua vijidudu, halafu akapanda. Udongo wa eneo lisilopandwa haukuonyesha tofauti: miche ilikua vilevile, uwe umepashwa au la. Udongo wa kitalu cha mwaka wa tatu ulipopashwa, miche iliyokuwa ikidumaa ilikua vizuri zaidi. Kwa hiyo chanzo kilikuwa jamii ya vijidudu iliyogeuzwa na miti yenyewe.

Mtufaha si mkorosho, na Wenatchee si Tandahimba. Hatuchukui matokeo ya kule tukayabandika hapa. Tunachochukua ni swali na njia ya kulijibu, kwa sababu njia hiyo ni rahisi na inaweza kufanyika katika kijiji chochote.

5. Mnyauko hausubiri

Sababu ya kuharakisha ipo. Mwaka 2012 ugonjwa wa mnyauko wa mikorosho uliripotiwa katika kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga, mkoani Pwani. Husababishwa na kuvu wa jamii ya Fusarium anayeishi udongoni, anayeingia kupitia mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mti. Majani hugeuka manjano, hukauka, na mti wote hufa. Dawa ya kupulizia majani haimfikii. Kuvu huyo hutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi bila mti wowote, na husafiri kwa jembe, kwa viatu, kwa maji ya mvua na kwa udongo ulio ndani ya kiriba cha mche.

Katika mazao mengine yanayoshambuliwa na jamii hiyo, kama nyanya, imethibitika kwamba mnyauko huzidi kwenye udongo wenye uchachu na hupungua udongo unapotiwa chokaa. Mkulima anayeweka pamoja udongo uliochachuka, jamii ya vijidudu iliyoegemea upande mmoja na mche mchanga ambao haujapimwa, anamwandalia adui huyu kitanda.

6. Makosa yetu wenyewe

Tamko linalonyooshea wengine vidole tu halina uzito. Sisi wakulima tumekosea, na tunakiri.

Tunafagia na kuchoma majani chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane. Kila moto tunaowasha chini ya mti unachoma chakula cha vijidudu vya mwaka mzima. Tunapulizia salfa kwa kufuata kalenda au kwa kumwangalia jirani, bila kwanza kuyakagua maua. Tunapulizia jua likiwa kali na upepo ukivuma, kisha unga unaishia shambani kwa mwingine au ardhini, badala ya kupulizia alfajiri umande ungali juu ya maua na hewa imetulia. Tunaazimana majembe bila kuyaosha. Tunachota udongo chini ya mkorosho mkongwe na kuujaza kwenye viriba vya miche, tukidhani kwamba ukiwa mweusi basi ni mzuri.

7. Tunachotaka

Kwanza, umri wa shamba uandikwe. Daftari la wakulima linaonyesha ukubwa wa shamba na idadi ya miti. Liongezwe mwaka wa kupandwa na idadi ya misimu ambayo salfa imepuliziwa. Bila taarifa hizo mbili hakuna mtaalamu anayeweza kujua pa kuanzia.

Pili, udongo upimwe kabla ya kung'oa. Sampuli zitoke sehemu mbili: chini ya mwavuli wa mti, ambako salfa huanguka, na katikati ya mistari. Zichukuliwe katika kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40. Sampuli moja iliyochanganywa kutoka shamba zima huficha tatizo, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Tatu, chokaa ya kilimo iingie katika orodha ya pembejeo za korosho pamoja na salfa. Anayepewa salfa bila chokaa anapewa deni bila namna ya kulilipa. Pale ambapo fosforasi nayo ni haba, mbolea ya Minjingu ifikiriwe, kwa kuwa hufanya kazi vizuri katika udongo wenye uchachu na huleta kalisi.

Nne, mche usipandwe kwenye shimo la kisiki. Upandwe kati ya mistari ya zamani, na udongo upewe angalau msimu mmoja wa mikunde: kunde, mbaazi, au marejea wanayoyafahamu vizuri jirani zetu wa Ruvuma. Msimu huo mmoja unarudisha mizizi ya aina nyingine na vijidudu vyake, na marejea yanasaidia pia kupunguza minyoo ya mizizi.

Tano, mti using'olewe kwa sababu tu ni mzee. Ambapo shina na mizizi ni mizima na hakuna mnyauko, mti ukatwe, uachwe uchipue, kisha machipukizi yabebeshwe vikonyo vya aina bora. Mizizi mikubwa inabaki na kuvu wake washirika wanaoisaidia kufyonza fosforasi na maji, na mkulima anavuna mapema kuliko anayeanza na mche.

Sita, bustani za miche zikaguliwe udongo wake kabla ya miche kusafirishwa, na bustani yoyote yenye dalili ya mnyauko isitoe mche hata mmoja.

Saba, utafiti ufanyike kwenye mashamba yetu. Tunaiomba Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kituo cha Naliendele, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, zilinganishe mashamba ya chini ya miaka 10, ya miaka 20 hadi 30, na ya zaidi ya miaka 50, yaliyo kwenye udongo wa aina moja. Vipimwe pH, mboji, bakteria, kuvu na minyoo. Sisi tutatoa mashamba. Sharti letu ni moja: matokeo yaletwe kijijini, kwa Kiswahili, kabla hayajafungiwa kabatini.

8. Tunachoahidi

Hatutasubiri tukiwa tumekaa. Kila tawi la chama chetu litafanya jaribio la viriba kwa msaada wa ofisa ugani. Udongo wa chini ya mkorosho mkongwe utagawanywa mafungu manne. La kwanza litaachwa kama lilivyo. La pili litapashwa moto kwa mvuke ndani ya pipa. La tatu litatiwa mbolea tu, kwa sababu kupasha moto pia hufungua virutubisho, na bila fungu hili tunaweza kujidanganya. La nne litatiwa chokaa. Katika kila fungu zitapandwa mbegu za mti mmoja, na baada ya miezi mitatu miche itapimwa urefu na mizizi itaoshwa na kukaguliwa.

Fungu la pili likiyashinda mengine, shida ni vijidudu. La tatu likishinda, shida ni njaa ya udongo. La nne likishinda, shida ni uchachu. Mafungu yote yakilingana, tutajua kwamba udongo wa tawi hilo uko tayari kupandwa, na tutalitangaza hilo kwa sauti ile ile tuliyotumia kutoa tamko hili.

Vilevile, wanachama wetu wataacha kuchoma majani chini ya mikorosho kuanzia msimu huu. Majani yatakusanywa kandokando kabla ya korosho kuanguka, na yatarudishwa chini ya mti mavuno yakiisha. Na shamba lolote la mwanachama litakaloonyesha dalili za mnyauko litatolewa taarifa siku hiyo hiyo, na hakuna jembe litakalotoka humo bila kuoshwa.

Wazee wetu walitupandia miti ambayo tumeila kwa nusu karne. Miche tunayopanda leo itavunwa na wajukuu wetu mwaka 2070. Mkulima mwenzetu, kabla hujachimba shimo la kwanza, chota udongo chini ya mkorosho wako mkongwe kuliko yote, ufunge, andika mwaka uliopandwa mti huo, uupeleke ukapimwe.

Limetolewa Mtwara na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.